Nishani za Simu na Mtu Anayeacha Sigara

Mwezi Desemba mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kampeni ya mwaka mzima ya kuwasaidia watu milioni 100 kuacha tumbaku. Kampeni za namna hiyo si jambo geni. Siku ya kimataifa ya kupinga tumbaku imekuwa ikiadhimishwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na tangu 1989 imekuwa ikiangukia tarehe 31 Mei. Jambo lililokuwa geni safari hii lilikuwa ni chombo chenyewe. Pamoja na hotuba na mabango yaliyozoeleka, wavutaji walielekezwa kwenye simu zao za mkononi. Walialikwa kujiunga na mashindano ya kuacha sigara yaliyoendeshwa kwa njia ya WhatsApp, na waliletewa hata mshauri asiye binadamu, aliyebuniwa kwa kompyuta na kupewa jina la Florence, apate kuwajibu maswali yao.

Ndani ya simu hizo umejengeka utaratibu mzima wa zawadi ambao msikilizaji asiyevuta sigara huenda hajapata kuuona. Mtu akishatangaza kwamba ameacha, simu huanza kumhesabia saa na siku. Humwonyesha idadi ya sigara ambazo hakuzivuta na fedha ambazo hazikutoka mfukoni mwake. Akimaliza siku ya kwanza hupewa nishani, akimaliza wiki hupewa nyingine, na akifikisha mwezi hupandishwa cheo. Wenzake walio katika safari hiyo hiyo, wengine wakiwa katika miji asiyoijua, huiona nishani yake na kumpigia makofi ya maandishi. Nishani hiyo haishikiki, haiuziki, wala haivaliki kifuani. Hata hivyo wako watu wazima, wenye kazi na familia, wanaoamka asubuhi na kuitazama kabla ya kunawa uso.

Mtu anaweza kuliona jambo hili kuwa ni mchezo wa watoto, na wako wanaoliita hivyo. Lakini ugonjwa unaopigwa vita hapa si mchezo. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, na takriban asilimia 80 ya watumiaji wake wanaishi katika nchi zenye kipato kidogo na cha kati. Shirika hilo hilo linasema kwamba katika kila majaribio 100 ya kuacha sigara bila msaada wowote, ni 4 tu yanayofaulu. Wengi wa wanaoshindwa wanayafahamu vizuri madhara ya tumbaku. Wengine wameyaona kwa macho yao wodini, kwa baba au kwa kaka. Kwa hiyo hawakosi elimu.

Ili kuuelewa ugumu huo, yafaa kutazama jinsi malipo yalivyogawanywa. Moshi unapovutwa, nikotini huufikia ubongo katika muda wa sekunde chache tu, na mvutaji huiona raha yake pale pale. Kuacha sigara kuna malipo pia, tena makubwa zaidi, ila huja kwa kuchelewa na kimya kimya. Ni kweli kwamba baada ya dakika 20 mapigo ya moyo huanza kushuka, na baada ya saa 12 hewa yenye sumu iliyoingia katika damu kutokana na moshi hurudi katika kiwango cha kawaida. Lakini mwenyewe hana habari na hayo. Anachokijua ni kwamba mikono inatafuta kitu cha kushika, usingizi umeruka, na hasira zimekaa karibu. Baada ya mwaka mmoja hatari ya maradhi ya moyo itokanayo na sigara itakuwa imepungua kwa nusu, na baada ya miaka 10 hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu nayo itakuwa imeshuka hadi karibu nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta. Miaka 10! Mtu aliyeketi kijiweni saa tisa alasiri, huku jirani yake anawasha kiberiti, hawezi kungoja malipo ya miaka 10.

Hapo ndipo nishani ya simu inapopata kazi yake. Huyaleta malipo karibu, na hukifanya kionekane kile kinachotendeka mwilini bila kuonekana. Kwa ajili hiyo programu nyingi za simu hutoa nishani ya kwanza baada ya dakika 20 zile zile, na nyingine baada ya saa 12. Ni namna ya kumwambia mtu kwamba kazi yake imeonekana.

Wazo lenyewe halikuanza na simu. Vyama vya watu wanaoacha pombe, ambavyo asili yake ni mji wa Akron huko Marekani mwaka 1935, kwa miaka mingi vimekuwa vikiwapa wanachama vipande vya mfano wa sarafu kwa kila kipindi walichokaa bila kulewa. Kwa upande wa sigara, jumuiya ya kwanza kubwa ya intaneti, QuitNet, ilianza mwaka 1995, wakati ambapo watu wengi wa Afrika Mashariki walikuwa bado hawajaisikia hata intaneti yenyewe.

Lakini kuna wengine pia walioitumia mbinu hiyo, nao ni wafanyabiashara wa sigara. Katika miaka ya 1990 makampuni ya Marekani yaliwapa wavutaji karatasi za alama ndani ya pakiti au juu yake. Aliyekusanya alama za Marlboro au za Camel aliweza kuzibadilisha kwa koti, mkoba au njiti ya kuwashia. Kadiri alivyovuta zaidi ndivyo zawadi ilivyokaribia. Biashara ya namna hiyo imekwisha kupigwa marufuku huko Marekani, na kifungu cha 13 cha Mkataba wa Kimataifa wa Udhibiti wa Tumbaku, ulioanza kutumika Februari 2005, kinazitaka nchi wanachama zikomeshe matangazo na vishawishi vya tumbaku vya kila aina. Hata hivyo somo lilikwisha patikana. Wauzaji waligundua kwamba binadamu hufuata alama na nishani, wakaitumia siri hiyo kwa faida yao muda mrefu kabla ya madaktari kufikiri kuitumia kwa faida ya mgonjwa.

Je, zawadi zinafaa kweli? Ushahidi ulio imara zaidi unahusu zawadi za fedha, kwa kuwa fedha ni rahisi kupimika. Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika kampuni ya General Electric ya Marekani miongoni mwa wafanyakazi 878 waliokuwa wakivuta. Nusu yao walipewa maelezo tu. Nusu nyingine walipewa maelezo pamoja na ahadi ya dola 100 kwa kumaliza mafunzo, dola 250 kwa kuacha sigara, na dola 400 kwa kuendelea kukaa bila sigara kwa miezi 6 zaidi. Hapana aliyeaminiwa kwa neno lake. Miili yao ilipimwa kuona kama ina mabaki ya nikotini. Kipimo cha baada ya mwaka mmoja hivi kilionyesha kwamba asilimia 14.7 ya walioahidiwa fedha walikuwa wameacha, na katika kundi jingine ni asilimia 5 tu. Miezi 6 baadaye, fedha zilipokuwa zimekwisha, baadhi yao walikuwa wamerudia, lakini bado walikuwa asilimia 9.4 dhidi ya 3.6.

Katika mji wa Glasgow, Uskoti, zawadi walipewa akina mama wajawazito. Mwaka 2015 ilielezwa kwamba kati ya wanawake 612 waliochunguzwa, walioahidiwa vocha za manunuzi za jumla ya pauni 400 waliacha sigara kwa asilimia 22.5, wakati wenzao waliopata huduma ya kawaida waliacha kwa asilimia 8.6. Mtu asiye na huruma atauliza kwa nini mama alipwe ili asimdhuru mwanawe. Liko pia nung'uniko la asiyevuta, anayeuliza yeye atapewa nini kwa kuwa hakuanza. Nung'uniko hilo lina haki yake. Lakini mtoto aliyeko tumboni hana sehemu katika mabishano hayo, na pauni 400 ni kidogo mno zikilinganishwa na gharama ya kumlea mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati.

Kwa msikilizaji wa Afrika Mashariki, pengine mfano wa kutazamwa zaidi ni ule wa kisiwa cha Mindanao, Ufilipino. Huko, mwaka 2006, benki moja iitwayo Green Bank iliwafungulia wavutaji akaunti ya namna yake. Mvutaji aliweka fedha zake mwenyewe, kidogo kidogo, zile zile ambazo angezitumia kwa sigara. Baada ya miezi 6 alipimwa mkojo. Akionekana safi alirudishiwa fedha zake zote. Akionekana na nikotini, fedha zilikwenda kwa wenye shida naye hakupata kitu. Kilikuwa kibubu chenye hakimu. Waliokubali kukifungua hawakuwa wengi, asilimia 11 tu ya walioelezwa. Pamoja na hayo, katika kila watu 100 waliopewa nafasi hiyo, wapatao 3 zaidi walikuwa wameacha sigara kuliko katika kundi ambalo halikupewa, na hata baada ya mwaka mzima, walipopimwa tena kwa kushtukizwa, tofauti hiyo ilikuwa bado ipo.

Watu 3 katika 100 wataonekana wachache. Ila yapo mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, benki haikutoa zawadi ya hata peso moja kutoka mfukoni mwake. Mvutaji alijizawadia kwa fedha yake. Pili, kidole kigumu cha kupoteza kinauma zaidi kuliko utamu wa kupata. Wafanyakazi wa kampuni ya CVS Caremark ya Marekani, pamoja na jamaa na marafiki zao, walishiriki katika uchunguzi mwingine wa mwaka 2015 uliokuwa na watu 2,538. Wapo waliopewa nafasi ya zawadi tupu ya dola 800, na wapo waliotakiwa kuweka kwanza dola 150 zao wenyewe. Asilimia 90 waliikubali zawadi tupu. Rehani waliikubali asilimia 13.7. Lakini kwa mtu ambaye angekuwa tayari kwa njia yoyote kati ya hizo mbili, rehani ndiyo iliyomsaidia zaidi. Basi dawa iliyo kali ndiyo inayokimbiwa, na iliyo tamu ndiyo inayofikia wengi, na waziri wa afya anayepanga mipango hana budi kuchagua kati ya kumsaidia sana mtu mmoja na kuwasaidia kiasi watu kumi.

Nishani ya simu haina hata senti moja. Yatoka wapi basi matumaini ya kwamba itafanya kazi iliyofanywa na dola 750? Wasomi wa elimu ya nafsi wametoa maonyo hapa. Mwaka 1973, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha habari za watoto wa chekechea waliokuwa wakipenda kuchora kwa kalamu za rangi. Baadhi yao waliahidiwa cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe endapo wangechora. Walichora, wakapewa. Baada ya wiki moja au mbili, walipoachwa wacheze wapendavyo, watoto hao walichora kwa takriban nusu ya muda waliotumia wenzao ambao hawakuahidiwa lolote. Utepe uliligeuza pendo likawa kibarua. Mwaka 2013 wataalamu wengine waliochunguza nishani zinazotolewa katika mtandao wa waandishi wa programu za kompyuta waliona kwamba watu huongeza juhudi nishani inapokaribia, na wakishaipata juhudi hupungua.

Onyo hilo ni la kweli, lakini lisichukuliwe kuzidi kipimo chake. Mtoto alipenda kuchora kabla ya kupewa cheti. Hakuna mtu anayependa kuacha sigara kama mtoto apendavyo kuchora, na ambaye pendo lake litaharibiwa kwa nishani. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2019, uliokusanya pamoja tafiti zaidi ya 30 na washiriki zaidi ya 20,000, ulionyesha kwamba waliosaidiwa kwa zawadi waliendelea kuwazidi wenzao hata baada ya zawadi kukoma. Hofu ya kwamba kila mtu atarudi kwenye pakiti yake siku ya malipo ya mwisho haikuthibitika.

Hatari ya nishani iko mahali pengine, nayo haizungumzwi sana. Chukua mfano wa dereva wa lori, mmoja kati ya wale wasafirishao shehena kutoka bandari ya Mombasa kwenda Kampala. Ameacha sigara, na simu yake inamhesabia. Siku ya saba amepata nishani, siku ya kumi na nne amepata ya pili. Siku ya kumi na tisa amekwama Malaba, mpakani, katika foleni ya malori isiyosogea. Amekesha. Utingo wake anavuta. Mwenye shehena anapiga simu kila saa kuuliza kulikoni. Mnamo alfajiri dereva huyo anaomba sigara moja, anaivuta yote, na kwa kuwa ni mtu mwaminifu anaifungua simu na kuiambia ukweli. Simu inafuta siku kumi na nane na kuandika sifuri.

Hesabu hiyo ni ya haki kwa kanuni za mashine. Kwa kanuni za mwili si ya haki hata kidogo, maana mapafu hayakurudi siku ya kwanza kwa ajili ya sigara moja, na yale aliyojifunza dereva kwa siku kumi na nane kuhusu saa zake mbaya na njia za kuzipita hayakufutika. Lakini anachokiona ni sifuri. Mwanasaikolojia Alan Marlatt wa Marekani alieleza jambo hili katika miaka ya 1980: kinachomrudisha mtu kwenye ulevi wake mara nyingi si ule mteremko wa kwanza, bali ni fikra inayoufuata, pale mtu anapojiambia kwamba ameshaharibu kila kitu, kwamba hana nguvu za kiume, na kwa hiyo hakuna haja ya kujizuia. Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Mashine nyingi zimetengenezwa na watu wasioijua methali hiyo, na mteleza huanguka kwa kusukumwa na nishani ile ile iliyotakiwa kumshika mkono. Wengine hawasemi ukweli. Huiacha hesabu iendelee huku wanavuta, na kuanzia hapo wanapokea pongezi za uongo na kuona haya. Wengine huifuta programu yote. Kesho yake hawamo tena katika hesabu ya mtu yeyote, na takwimu za programu zinaendelea kuonyesha waliobaki, ambao ni wale wanaofaulu.

Ndiyo sababu yapasa kuuliza ni kitu gani hasa kinachofanya kazi nyuma ya nishani. Jibu moja lilipatikana Hong Kong, katika uchunguzi mdogo uliochapishwa mwaka 2015. Watu 136 waliokuwa wameacha sigara muda mfupi uliopita waligawanywa. Baadhi waliwekwa katika makundi ya WhatsApp, baadhi katika makundi ya Facebook, na waliobaki walipewa kijitabu tu. Makundi hayo yaliongozwa na mshauri kwa miezi miwili. Baada ya miezi 6, waliorudia sigara katika kundi la kijitabu walikuwa asilimia 61.1, na katika kundi la WhatsApp asilimia 40.5. Facebook ilikuwa katikati na tofauti yake haikuwa ya kutegemewa. Ukumbi ulikuwa tofauti kwa jambo moja kubwa: katika WhatsApp watu waliandikiana zaidi. Neno la mwenzako linakukuta mfukoni, kwa mlio, na jibu lako linatazamiwa.

Jibu jingine limetoka katika mji wa Framingham, Marekani, ambako watu 12,067 walifuatiliwa tangu 1971 hadi 2003. Hawakuwa na nishani yoyote. Ilionekana, mwaka 2008 matokeo yalipochapishwa, kwamba mtu akiacha sigara, uwezekano wa mume au mke wake kuvuta hupungua kwa asilimia 67; wa rafiki yake kwa asilimia 36; wa ndugu yake wa tumbo moja kwa asilimia 25; na katika makampuni madogo, wa mfanyakazi mwenzake kwa asilimia 34. Watu waliacha kwa mafungu, kama wanavyoanza kwa mafungu.

Kwa hiyo nishani, ikitazamwa vizuri, ni barua. Thamani yake inategemea kama yuko mtu wa kuisoma. Nishani ya siku ya thelathini inayotazamwa na mwenyewe peke yake huchuja upesi. Ile ile ikitazamwa na watu ishirini wanaojua kwamba wiki iliyopita mwenye nishani alifiwa, na hata hivyo hakuvuta, huwa na uzito ambao kampuni haiwezi kuutengeneza. Hapo ndipo makampuni ya programu yanapojidanganya, kwa kudhani kwamba wakiongeza rangi za nishani na ngazi za vyeo wataongeza na nguvu yake.

Nchi za Afrika Mashariki zina sababu ya kulifikiria jambo hili kwa njia yake zenyewe. Sheria zipo. Tanzania ilitunga yake mwaka 2003, Kenya mwaka 2007, Uganda mwaka 2015. Sheria hizo zinamlinda sana asiyevuta, na ni sawa. Zinahusu mahali pa kuvutia, matangazo na maonyo ya pakiti. Lakini Mkataba wa Kimataifa, katika kifungu chake cha 14, unazitaka nchi pia zimsaidie anayetaka kuacha, na katika kifungu hicho matendo ni haba. Mvutaji wa kawaida anayekwenda zahanati kwa sababu nyingine huambiwa aache, kisha hurudi nyumbani na neno hilo peke yake. Wala haisahauliki kwamba tumbaku ya Tabora na ya Migori ni mazao ya wakulima halisi, na kwamba ushuru wa sigara huingia katika hazina zile zile zinazotakiwa kumlipia anayeacha.

Programu zilizotengenezwa Ulaya na Marekani nazo haziwezi kuletwa kama zilivyo. Huhesabu pakiti. Huku wavutaji wengi hununua sigara moja moja kibandani, ingawa sheria ya Uganda, kwa mfano, inakataza kuuza hivyo. Anayenunua moja asubuhi, mbili mchana na moja jioni hajawahi kuiona gharama yake mahali pamoja. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Kwa mtu huyo, hesabu ya fedha iliyookolewa ndiyo inayoweza kuwa nishani kubwa kuliko zote, kama ingekuwa fedha kweli na si tarakimu. Na hapa kanda hii ina kitu ambacho Ufilipino ya mwaka 2006 ilikuwa inakihangaikia kwa vitabu vya benki: tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007, watu wamezoea kutuma hata kiasi kidogo sana kwa simu. Bei ya sigara moja inaweza kuhamishwa papo hapo, wakati ule ule hamu inapobana, kuingia katika kibubu kisichofunguliwa mpaka mwezi upite. Ugumu unabaki katika kipimo, maana simu haiwezi kupima mkojo. Atahitajika mhudumu wa afya, au angalau mashahidi wawili wanaoheshimiwa na mwenye kibubu.

Wala haihitajiki simu ya bei kubwa. Uchunguzi wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2011, wenye washiriki 5,800, ulitumia ujumbe mfupi wa maandishi tu, ule unaopokelewa na simu yoyote. Jumbe zilikuja tano kwa siku katika wiki 5 za kwanza, kisha tatu kwa wiki. Baada ya miezi 6, waliothibitishwa kwa vipimo kwamba wameacha walikuwa asilimia 10.7, dhidi ya 4.9 ya waliopata jumbe zisizohusu sigara. Katika mpango huo hakukuwa na vyeo. Lakini waliouandaa walifikiria jambo moja ambalo watengenezaji wengi wa nishani hawakulifikiria. Mshiriki aliyezidiwa na hamu aliweza kutuma neno moja, na jibu likamjia mara moja. Na aliyekwisha kuteleza alikuwa na neno lake pia la kutuma, akajibiwa wakati huo huo, bila kurudishwa sifuri.

Dereva wa Malaba anahitaji neno la namna hiyo katika lugha anayoiota. Gharama yake ni ya ujumbe mmoja, pamoja na mshahara wa mtu wa kukaa zamu ya usiku, kwa sababu foleni za mpakani hazilali na hamu ya sigara hailali.